Zege Halilali, Kokoto Zilale Mbichi

Saa nne asubuhi, Kimara, jua limeshakaza. Mashine ya kuchanganyia zege inazunguka kwa kishindo cha mawe yanayogombana ndani ya pipa. Fundi amesimama kando yake na ndoo ya lita 20. Mchanga umeingia, kokoto zimeingia, mfuko wa saruji umechanwa na kumwagwa, maji yamefuata kwa kipimo kilekile alichokitumia wiki nzima. Zege linatoka laini, linang'aa, linateremka kwenye toroli kama uji. Vibarua wawili wanalisukuma hadi chumba cha nyuma. Njia ni mbaya, imejaa vifusi, na safari inachukua dakika kumi. Wanapoinamisha toroli, zege haliteremki. Limeng'ang'ania kona, mpaka likwanguliwe kwa chepe.

"Ongeza maji huko!" mmoja anapiga kelele.

Fundi haongezi. Anainama, anaokota kokoto moja chini, anaigeuzageuza mkononi. "Tatizo hizi hapa," ananiambia. "Zinakunywa maji kuliko sisi."

Kokoto hizo hazikuletwa na lori kutoka Lugoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam, kama zilivyoletwa zile za wiki iliyopita. Zimetoka palepale: vipande vya jamvi na slabu ya nyumba iliyovunjwa, vikapondwa kwa nyundo na kuchekechwa. Kimara vifusi si habari ngeni. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na wenye nyumba wakabaki na milima ya zege lililovunjika mbele ya viwanja vyao. Nondo ziliondoka siku zilezile, kwa sababu chuma chakavu kina mnunuzi. Zege lilibaki, kwa sababu halikuwa na mnunuzi.

Watu wa Dar wana msemo wao: zege halilali. Humwambia hivyo mtu anayetaka kuahirisha jambo la leo. Msemo umezaliwa kwenye ujenzi, maana zege likishachanganywa lina saa zake chache, na ndani ya saa hizo lazima lifanye mambo mengi: libebeke, limwagike, lijaze kona za mbao, lizunguke nondo, lishindiliwe, lisawazishwe, na wakati wote huo mawe yasitengane na uji wake. Uwezo huo wa zege bichi kufanyika kazi bila kugoma wala kuchuja ndio mafundi wanaouita ulaini. Neno ni fupi, lakini ndani yake kuna fizikia nyingi, na kokoto za kifusi huivuruga fizikia hiyo kwa namna ambayo macho hayaioni mpaka toroli ifike mwisho wa safari.

Wadai watatu wa ndoo moja

Tuanze na maji. Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, zege la kawaida la jengo huhitaji lita 25 hivi, yaani nusu ya uzito wa saruji. Maji hayo yana wadai watatu, na kila mmoja hudai kwa wakati wake.

Mdai wa kwanza ni saruji yenyewe. Watu husema saruji "inakauka", lakini saruji haikauki kama nguo kambani. Inaungana na maji kikemia na kuzaa kitu kipya kigumu. Kazi hiyo hufunga maji yenye uzito wa karibu robo ya saruji, lita 12 hivi kwa mfuko, na maji mengine hunaswa ndani ya vitundu vidogo mno vya kitu hicho kipya. Ukijumlisha yote, saruji hudai takriban lita 20. Lakini ni mdai mpole: huchukua kidogo kidogo, kwa saa, siku na hata miezi.

Mdai wa pili ni mwendo. Mawe na mchanga havitelezi vyenyewe. Vinahitaji uji wa saruji na maji uvipake, uvitenganishe, uvifanye viteleze badala ya kukwaruzana. Mdai huyu anataka chake papo hapo, na akinyimwa zege linagoma.

Maji yanayozidi deni la saruji hubaki ndani ya zege, kisha hutoka polepole na kuacha matundu. Mwaka 1918, Duff Abrams wa Lewis Institute mjini Chicago alichapisha matokeo ya majaribio yake mengi na kuonyesha kwamba, kwa vifaa vilevile, nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji kwa saruji: maji yakipanda, nguvu inashuka. Kanuni hiyo bado ndiyo inayotawala zege hadi leo. Fundi anajua hivyo bila kumsoma Abrams. Ndiyo maana hakukimbilia ndoo.

Mdai wa tatu ndiye mwenye habari yetu. Ni kokoto. Jiwe la graniti lina vitundu vichache, hivyo deni lake ni dogo kiasi kwamba watu wengi wamejenga maisha yao yote bila kulihesabu. Kokoto za kifusi zina deni kubwa, na huchukua bila kubisha hodi.

Jiwe lililovaa koti

Kokoto aliyoiokota fundi ilikuwa na ukubwa wa ndimu. Upande mmoja ulikuwa jiwe halisi, jeusi lenye chembe zinazometameta. Upande wa pili ulikuwa ganda la kijivu lililofifia, lenye vitundu kama vya mkate. Hilo ndilo mchanga na saruji ya zege la zamani, lililoganda juu ya jiwe miaka mingi iliyopita na kukataa kuachia hata baada ya nyundo. Katikati ya viwili hivyo kulikuwa na mstari mwembamba, na mahali pengine mstari ulikuwa umefunguka na kuwa ufa. Nilipolipitishia ukucha, ganda liliacha vumbi laini kidoleni, kama chaki.

Koti hilo la saruji kongwe ndilo linaloeleza karibu kila tabia ya kokoto za kifusi. Ni jepesi: mita moja ya ujazo ya jiwe la graniti huwa na kilo 2,600 na zaidi, lakini kwa kokoto za kifusi ni kilo 2,200 hadi 2,450 tu. Limejaa vitundu, hivyo linanyonya. Lina kingo kali na ngozi ya kukwaruza, hivyo chembe mbili zikipitana zinang'ang'aniana, na uji mwingi zaidi unahitajika kuzitelezesha. Tena linatoa vumbi, na vumbi likiwa jingi hudai maji yake pia, kwa sababu kadiri kitu kinavyosagwa ndivyo ngozi yake ya kulowana inavyoongezeka.

Kuna jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya nyumbani kwa mizani ya jikoni. Pima kilo 2 za kokoto zilizokauka kabisa. Ziloweke usiku kucha. Asubuhi zitoe, zifute kwa kitambaa moja moja mpaka ngozi isimetemete maji, kisha pima tena. Graniti nzuri itakuwa imeongezeka gramu 10 hadi 20, yaani asilimia moja au chini yake. Kokoto za kifusi zitakuwa zimeongezeka gramu 80, 120, hata 160 au zaidi. Nyongeza hiyo ndiyo kiu yake, na kila kifusi kina yake: zege lililokuwa imara na lililopondwa vizuri hunywa kidogo; zege hafifu na mabaki ya plasta hunywa mno.

Sasa tuipeleke kiu hiyo kwenye pipa. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, mfuko mmoja wa saruji huenda na kokoto za kifusi za kilo 175 hivi. Zikiwa kavu kabisa na kiu yake ni asilimia 6, zinaweza kunywa lita 10 na nusu. Ni nusu ndoo, kutoka katika lita 25 ulizokusudia, na sehemu kubwa huondoka ndani ya dakika chache za mwanzo. Saruji na mwendo vinabaki kugombea chini ya lita 15. Zege la namna hiyo halimwagiki kwa chepe.

Hapo ndipo kelele ya "ongeza maji" inapotokea, na hesabu inapopotea. Kibarua haongezi lita 10. Anamwaga ndoo nzima, kwa sababu ndoo ndicho kipimo chake. Lita 25 za mwanzo, kutoa 10 zilizokwisha kunywewa, kuongeza 20, ni lita 35 zilizobaki na mfuko mmoja wa saruji. Uwiano umeruka kutoka 0.5 hadi 0.7, na nguvu ya zege inaweza kupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Jengo likija kupasuka watu watasema kifusi ni kibovu, na ile ndoo ya mwisho hakuna atakayeikumbuka.

Koni inayodanganya

Kwenye ujenzi mkubwa ulaini haupimwi kwa jicho. Hupimwa kwa koni ya chuma, kwa jaribio linaloitwa slampu. Koni ina urefu wa milimita 300, upana wa milimita 200 chini na 100 juu, wazi pande zote mbili. Unailowesha kidogo, unaisimamisha juu ya bati lililo sawa, unaikanyaga masikio yake ili isinyanyuke. Unajaza zege kwa tabaka tatu, na kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma yenye unene wa milimita 16. Unasawazisha juu, kisha unainyanyua koni wima, taratibu, kwa sekunde chache. Zege linabaki peke yake, bila nguo, na linashuka kwa uzito wake. Unaisimamisha koni pembeni, unalaza fimbo juu yake, unapima kwa rula zege limeshuka kiasi gani.

Likishuka milimita 20, ni zege gumu la kushindiliwa kwa nguvu. Likishuka 75, linafaa kazi nyingi za kawaida. Likishuka 150, linapita kati ya nondo zilizobanana. Likikatika na kuteleza upande mmoja, halishikani. Likiporomoka lote na kutandaa kama ugali uliokosa unga, ama limezidi maji ama limetiwa dawa ya kulainisha.

Kwa kokoto za kifusi, koni hii ina ujanja wa kujihadhari nao. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong walichapisha jaribio lililogusa swali hilohilo la Kimara. Walichukua kokoto za asili na kokoto za zege chakavu, wakaziandaa katika hali tatu: zilizokaushwa kwenye tanuri, zilizo na unyevu wa hewa tu, na zilizonyweshwa mpaka zikashiba kisha zikafutwa ngozi. Katika kila mchanganyiko walirekebisha maji ili deni la kokoto lihesabiwe mapema.

Mtu angetarajia kokoto zilizokaushwa zitoe zege gumu kuliko yote. Ilikuwa kinyume. Zilitoa slampu kubwa zaidi mwanzoni, kisha slampu hiyo ikaanguka kwa kasi. Sababu ukiifikiria ni ya dukani: maji yaliyotengwa kwa ajili ya kokoto yalikuwa bado hayajachukuliwa. Yalikuwa yamelala katikati ya saruji, yakitelezesha kila kitu, yakionekana kama mali ya mwendo. Dakika zikapita, mwenye mali akaja kuchukua chake. Zege ambalo koni ililisifu karibu na mashine halikuwa zege lililofika kwenye mbao.

Hilo ndilo lililotokea kwenye toroli ya Kimara, na ndilo linaloweza kulipata gari la zege lililokwama kwenye foleni jua likiwa utosini. Kwa hiyo slampu ya zege la kokoto za kifusi inafaa ipimwe mara mbili: linapotoka kwenye mashine, na tena baada ya muda ambao safari itachukua. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo habari yenyewe.

Koni ina udanganyifu wa pili, mdogo zaidi. Zege hushuka kwa sababu ya uzito wake, na zege la kokoto za kifusi ni jepesi kidogo. Kwa hiyo linaweza kuonyesha slampu ndogo kuliko ulaini wake halisi, lakini likiguswa na vibreta, mashine ya kulitikisa, linalegea na kujaza vizuri. Fundi mzoefu halihukumu kwa kushuka pekee. Hupitisha mgongo wa chepe juu yake mara moja au mbili, akaona kama uso unafunga na kung'aa, au unaacha mashimo na mawe yaliyo uchi.

Mchele wa zamani

Mpishi yeyote wa pwani anaijua kanuni hii, ila haiiti sayansi. Mchele mpya, uliovunwa majuzi, ukiutilia maji mengi unakuwa bokoboko. Mchele uliokaa ghalani mwaka mzima unakunywa, na ukiupa kipimo cha mchele mpya unabaki na kiini. Mpishi hasubiri wali uanze kuungua ndipo amimine kikombe cha maji juu. Anaujua mchele wake kabla ya kuuinjika, na kama ni mkavu mno anauloweka kwanza. Mchele ndio ulioamua kipimo, na maji yalitolewa kabla ya moto.

Kokoto za kifusi ni mchele wa zamani. Dawa yake ya kwanza ni kuzinywesha kabla hazijaiona saruji: unatandaza lundo, unalimwagilia vizuri, unalifunika kwa magunia mabichi au turubai, na linalala hivyo hadi asubuhi. Maji yanayoingia usiku huo hayahesabiwi katika uwiano wa maji na saruji, kwa sababu yamejificha ndani ya jiwe na hayaupunguzi uji makali. Yanayohesabiwa ni yale yanayobaki nje.

Lakini kushiba nako kuna mpaka. Kokoto zilizotoka kuzama pipani zikiwa zinachuruzika huleta maji yasiyohesabiwa, na kokoto iliyoshiba kabisa inaweza kurudisha maji kidogo kwenye mpaka wake na saruji mpya, mahali penyewe ambapo tunataka mshiko uwe imara. Katika jaribio lile la Hong Kong, kokoto za kifusi zenye unyevu wa hewa ziliwapa zege lenye nguvu kuliko zile zilizoshibishwa. Watafiti wa Barcelona, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007, walipendekeza kokoto ziwe na unyevu wa karibu asilimia 80 ya kiu yake yote. Kwa lugha ya kwenye ujenzi: mbichi ndani, kavu nje, na bado zina nafasi ya tonge moja la mwisho.

Dawa ya pili ni kubadilisha mpangilio wa kutia vitu kwenye mashine. Mwaka 2005 Vivian Tam na wenzake walieleza njia ya kuchanganya kwa awamu mbili. Badala ya kutia kila kitu kwa pamoja, mchanga na kokoto huzungushwa kwanza, kisha hutiwa nusu ya maji na kuachwa vizunguke kwa dakika moja. Ndipo saruji inaingia, na nusu ya maji iliyobaki inafuata mwisho. Katika awamu ya kwanza kokoto hunywa. Saruji ikifika inazikuta zikiwa na ngozi yenye unyevu, inazipaka tabaka jembamba la uji mzito, na uji huo unaingia katika vitundu na nyufa za koti kuukuu na kuziziba. Vitu ni vilevile, kiasi ni kilekile, lakini katika majaribio yao nguvu iliongezeka hadi asilimia 21 katika baadhi ya michanganyiko. Njia hii haihitaji mashine mpya. Inahitaji fundi kumzuia kibarua asiufungue mfuko mapema.

Dawa ya tatu ni dawa yenyewe, ile ya maji inayouzwa kwa madumu. Chembe za saruji zikikutana na maji hupenda kugandana makundi makundi, na kila kundi hufungia maji ndani. Dawa ya kulainisha hujibandika kwenye chembe hizo na kuzifanya zisukumane, hivyo maji yaliyofungiwa yanaachiwa na zege linalainika bila tone la ziada. Kwa kokoto za kifusi inafaa itiwe baada ya mawe kunywa, si kabla, na kwa safari ndefu sehemu yake hubakizwa itiwe karibu na kumwaga. Kipimo chake huandikwa na mtengenezaji. Hii haipimwi kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Juu ya yote kuna kazi isiyo na sifa: kuchekecha. Chembe ndogo kuliko milimita 5 zina sehemu kubwa zaidi ya saruji kuukuu, zinakunywa zaidi, na hutibua ulaini kuliko kokoto zenyewe. Zikiwekwa kando na mchanga wa kawaida ukatumika, nusu ya ugomvi umeisha. Vumbi linalobaki kwenye ngozi hutolewa kwa maji yaleyale ya kuzinywesha.

Kifusi kina daraja zake

Kujenga kwa mabaki si jambo jipya. Ujerumani ilipoamka baada ya mwaka 1945 na miji yake ikiwa magofu, matofali yaliyopondwa yaligeuzwa kokoto na kurudishwa kwenye kuta za nyumba mpya. Uingereza, katikati ya miaka ya 1990, jengo la ofisi la taasisi ya utafiti wa ujenzi ya BRE karibu na Watford lilitumia zaidi ya mita za ujazo 1,500 za zege ambalo kokoto zake zilipatikana kwa kuponda jengo la ghorofa 12 lililobomolewa London. Zege hilo liliingia kwenye misingi, sakafu na hata nguzo. Slampu iliyotakiwa ilikuwa milimita 75, kipimo cha kawaida kabisa cha zege la kawaida kabisa.

Japani imefika mbali zaidi, na kigezo chake kinafurahisha kwa anayefuatilia kisa hiki: imezipanga kokoto za zege chakavu kwa kiu yake. Zinazonywa asilimia 3 au chini ni za daraja la juu na zinaruhusiwa katika majengo kwa ujumla. Zisizozidi 5 huenda sehemu zisizokumbana na ukavu, kama misingi ya chini ya ardhi. Zisizozidi 7 ni za kazi nyepesi, kama zege la kusawazishia chini ya msingi. Ili kupata daraja la juu, baadhi ya viwanda vyao huzipasha kokoto joto la nyuzi 300 hivi kisha kuzisugua mpaka zivue koti.

Hapa kwetu pia swali limeshapimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikusanya sampuli nane za vifusi vya ujenzi nchini Tanzania, ukaviponda na kutengeneza matofali ya zege ambayo mchanga wake na kokoto zake zote zilikuwa za kifusi, asilimia 100. Matofali hayo yalikuwa dhaifu kuliko yale ya kokoto za asili. Hata hivyo, asilimia 85 ya yaliyopimwa yalifikia nguvu ya newtoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa nchini kwa tofali la kubeba mzigo.

Hii haina maana kwamba kila kifusi ni kokoto. Kifusi chenye jasi, mbao, rangi na vigae kitaharibu zege kwa njia ambazo maji hayawezi kuzirekebisha. Nyumba za pwani zilizojengwa kwa mchanga wa baharini zinabeba chumvi, na chumvi hiyo ikiingia kwenye zege lenye nondo huzitia kutu kimyakimya. Bloku za mchanga na saruji hafifu, ukizivunja, hurudi kuwa mchanga. Tena, zege la kokoto za kifusi husinyaa zaidi linapokauka na hupinda kwa urahisi kidogo chini ya mzigo. Ndiyo maana nchi nyingi zinaruhusu kuchanganya sehemu tu, asilimia 20 au 30 pamoja na kokoto za asili, kwa kazi za muundo, na kuachia kiwango kikubwa zaidi kwenye majamvi, njia za miguu na matofali. Nguzo ya ghorofa si mahali pa kujifunzia.

Lakini ndani ya mipaka hiyo, ugomvi uliobaki ni wa maji: nani anywe, na anywe saa ngapi. Lita 10 zilizotolewa jana jioni na lita 10 zilizotolewa leo dakika ya mwisho ni maji yaleyale ya bomba, ila kazi zake hazifanani. Za jana zinakaa ndani ya jiwe. Za leo zinaingia kwenye saruji na hazitoki bila kuacha tundu.

Nilirudi Kimara kesho yake. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwacha fundi akilimwagilia lundo la kokoto kwa mpira, huku vibarua wakinawa miguu tayari kuondoka. Mmoja wao alicheka: "Fundi, umeanza kumwagilia mawe, yataota?"

"Zinywe usiku," alimjibu, akivuta magunia juu ya lundo, "asubuhi zisiniombe."

Asubuhi magunia yalikuwa bado mabichi, na kokoto chini yake zilikuwa nyeusi kidogo kuliko jana, bila kuchuruzika. Alizizungusha na mchanga na nusu ya maji kwanza, mkono wake mmoja ukiwa umeushika mfuko wa saruji usifunguliwe. Zege lilipotoka halikung'aa kama la jana. Lilionekana zito kidogo, na kibarua aliliangalia kwa mashaka. Wakalisukuma njia ileile ya vifusi, dakika zilezile kumi, hadi chumba cha nyuma. Toroli ilipoinamishwa, zege liliteremka lote. Chepe lilikuwa bado limeegemea ukutani, na hakuna aliyeliendea.